Kiharusi cha muda: dalili zimepotea, hatari haijapotea

Mkono umekufa ganzi ghafla, kikombe kimeponyoka, maneno yanatoka yamekorogeka. Baada ya dakika 10 hali imerudi sawa. Wengi husema ni uchovu, wakaenda kujilaza. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Hicho ni kiharusi cha muda: bonge la damu liliziba mshipa wa ubongo, kisha njia ikafunguka. Kilicholileta bado kipo, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika saa 48 za mwanzo.

Hatua ya 1: Mpime palepale
Atabasamu huku akionyesha meno: je, upande mmoja wa mdomo umelegea? Afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, kwa sekunde 10. Mkono dhaifu hushuka taratibu, au kiganja hujigeuza chini. Kisha arudie sentensi fupi. Dalili zinazosahaulika ni jicho moja kuingia giza kama pazia linashuka, kuona vitu viwili viwili, na kuyumba. Zote huja ghafla, na mara nyingi bila maumivu, ndiyo maana hupuuzwa.

Hatua ya 2: Angalia saa
Andika mara ya mwisho alipoonekana mzima, si ulipogundua wewe. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo. Aliyeamka na dalili huhesabiwa tangu alipolala.

Hatua ya 3: Hospitali, leo hii
Hata kama ameshapona. Asiendeshe gari. Usimpe chakula wala maji, maana koo lililolegea humfanya apaliwe. Usimpe aspirini kabla ya picha ya kichwa: kama mshipa umepasuka, itazidisha damu kuvuja. Usimwongezee dawa ya presha pia. Ikishuka ghafla, ubongo hukosa damu. Ulizeni kuhusu kipimo cha sukari (sukari ikishuka sana huiga kiharusi), ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasaundi ya mishipa ya shingo.

Hatua ya 4: Kinga
Anza na presha. Pumzika dakika 5 umeketi, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Usiongee. Mkanda wa mashine ufungwe juu ya ngozi, si juu ya nguo. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono wako, namba hupanda kwa uongo. Pima mara mbili, dakika 1 katikati, uandike zote. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Sigara, acha kabisa.

Maswali ya wanachama

*Baba alipatwa wiki iliyopita, sasa ni mzima. Bado kuna haja ya kwenda?*
Ipo, na aende leo. Hatari hupungua baada ya siku za mwanzo, lakini haiishi.

*Mama ana mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Aspirini inatosha?*
Kwa kawaida haitoshi. Damu hutuama kwenye chumba cha juu cha moyo, ikaganda, bonge likapanda kichwani. Muulizeni daktari kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda.

*Presha yangu sasa ni 120/80. Niache vidonge?*
Usiache. Vidonge ndivyo vinavyoishikilia hapo. Kama unahisi kizunguzungu ukisimama, mwambie daktari apunguze dozi.