Jinsi ya kufuatilia safari ya Anderson Dawson bungeni Queensland

Kama unataka kumjua huyu jamaa, mwanasiasa wa zamani wa Queensland huko Australia, usianze na ile wiki yake moja ya uwaziri mkuu wa Queensland, wengi wanaanzia hapo na wanaishia hapohapo. Anza Charters Towers, mji wa machimbo ya dhahabu, maana ndio uliomtuma bungeni 1893 na yeye mwenyewe alikua mchimbaji, ukishaelewa wapiga kura wake walikua watu gani hotuba zake zitakuingia vizuri.

Halafu nenda kwenye hansadi za bunge la Queensland, ziko mtandaoni bure, soma mwaka baada ya mwaka taratibu. Magazeti ya zamani yapo Trove, tovuti ya maktaba ya taifa ya Australia, ila tafuta jina la chama chake, yaani chama cha wafanyakazi, kwa "Labor" na "Labour" pia, la sivyo utakosa vitu vingi sana.

Ukifika Desemba 1899 tulia hapo. Serikali yake iliapishwa tarehe 1 ikaanguka tarehe 7, ya kwanza ya chama cha wafanyakazi duniani, na mimi naona ni kitu kikubwa mno! 1901 akahamia seneti ya Australia.