Mkono ulinidanganya: ninavyompima mtoto homa

Nilikuwa jikoni nakaanga maandazi, mwanangu wa pili akaja kuniegemea mgongoni. Nikamgusa kipaji, nikaona hana kitu. Mama mkwe alipomshika shingoni tu akasema, "Mwanangu, huyu anachemka!" Mkono wangu ulikuwa umetoka kwenye moto, ungehisi nini? Kipimajoto kikasoma 39.1.

Tangu siku ile mkono unanitia shaka tu, jibu nalipata kwenye kipimajoto. Changu ni cha dijitali, kinapiga mlio kikimaliza. Cha kioo chenye zebaki nilishaachana nacho, maana kikivunjika ile zebaki ni sumu.

Napima kwapani. Kama ametoka kuoga, kukimbia juani au kufunikwa blanketi, nasubiri nusu saa hivi. Nalifuta kwapa kwa kanga kavu, nampakata, ncha naiweka katikati kabisa, iguse ngozi na si nguo, halafu naubana mkono wake ubavuni. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hatulii. Mimi humpa mwiko auchezee kwa mkono wa pili. Akichomoka kabla ya mlio, naanza upya. Namba ya haraka huwa ya chini kuliko joto lenyewe.

Kwapani, 37.5 kwenda juu ni homa. Naandika namba na saa, maana zahanati wataniuliza ilianza lini.

Nyumbani namvua nguo nzito, namnywesha mara kwa mara, nampa parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini hapana. Maji ya barafu nayo hapana, yatamtetemesha bure. Na kwa kuwa huku kwetu malaria ipo, tunakwenda achomwe kidole apimwe. Dawa ya malaria sinunui kwa kukisia.

Mchanga wa chini ya miezi miwili akifika 37.5, au akipoa chini ya 35.5, sisubiri kuche. Mkubwa naye akigoma kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea hata haamki vizuri, au akishikwa na degedege, ni safari. Wa degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Mtaani kwetu yupo bibi anayesema ni dege limepita juu ya paa. Mwamkie shikamoo, ila bodaboda iwe imeshafika mlangoni.