Wambatu moju: biringanya la siki la Sri Lanka, hatua kwa hatua

Zaidi ya asilimia 90 ya biringanya ni maji. Ukilitia kwenye siki likiwa na maji yake yote, kesho yake utakuta rojo la kahawia linaloelea kwenye mchuzi mwepesi usio na ladha. Wapishi wa Sri Lanka hulimaliza tatizo hilo kwa karai: katika wambatu moju (wambatu ni biringanya kwa Kisinhala), vipande hukaangwa kwenye mafuta mengi mpaka vigeuke kahawia, ndipo vikutanishwe na siki, sukari na haradali iliyosagwa. Kinachopatikana ni achari chachu, tamu na kali kwa wakati mmoja, laini kwa ndani lakini kila kipande kimesimama. Karibu kila hatua inayofuata ni ya kuyafukuza maji.

Kwa watu wanne hadi sita utahitaji:

Mabiringanya marefu ya zambarau, gramu 500
Vitunguu vidogo vyekundu, gramu 150, vimenywe na viachwe vizima
Pilipili mbichi za kijani, 6 hadi 8
Manjano, nusu kijiko cha chai
Chumvi, vijiko 2 vya chai (kimoja na nusu cha kunyunyizia, nusu ya mchuzi)
Mbegu za haradali nyeusi au za kahawia, kijiko 1 cha chakula
Kitunguu saumu, punje 3, na tangawizi kipande cha sentimita 2
Siki, mililita 100
Sukari, kijiko kimoja na nusu cha chakula
Pilipili nyekundu ya unga, kijiko 1 cha chai
Kipande cha mdalasini na tawi moja la karapincha, yaani yale majani ya mchuzi
Mafuta ya kukaangia, karibu nusu lita

Gramu 500 zinaonekana nyingi zikiwa mbichi, lakini zikitoka kwenye mafuta zitakuwa zimesinyaa sana. Ukiwa na wageni wengi, ongeza mabiringanya kwanza.

Chagua mabiringanya membamba, yenye ngozi inayong'aa na kikonyo cha kijani. Bonyeza kwa kidole gumba: pakibonyea kisha pakarudi, ni bichi zuri, alama ikibaki, limezeeka, na ndani utakuta mbegu ngumu zenye uchungu. Yale manene ya mviringo yanafaa kwa shida tu, kwa sababu katikati yake hamna ngozi. Na ngozi ndiyo inayokishika kipande kisivunjike, kwa hiyo kata vipande vya urefu wa sentimita 5 au 6 na unene wa sentimita 1, ukihakikisha kila kimoja kina ngozi upande mmoja. Vyembamba kuliko hapo hukauka vikawa kama makapi, vinene hubaki vibichi katikati. Usikate mapema ukaviacha wazi, maana nyama ya biringanya hugeuka nyeusi ikipigwa na hewa.

Nyunyizia chumvi na manjano, changanya kwa mikono (manjano yatakutia rangi vidole, vaa glavu ukijali), kisha weka kwenye chujio kwa dakika 30. Chumvi hufanya kazi mbili hapa. Inavuta maji nje, na inalegeza ile nyama yenye vijishimo vya hewa kama sifongo, hivyo haitanyonya mafuta mengi karaini. Baada ya hapo usisuuze, ukisuuza umeyarudisha maji uliyoyatoa. Binya vipande kwa upole ndani ya kitambaa safi mpaka kitambaa kilowe.

Mafuta ya asili ya chakula hiki ni ya nazi. Yale yasiyosafishwa huanza kutoa moshi mapema, kwa hiyo tumia ya nazi yaliyosafishwa au mafuta yoyote ya kukaangia yasiyo na harufu kali. Yapashe moto hadi nyuzi 180. Kama huna kipimo, tumbukiza kipande kimoja: kinapaswa kuzungukwa na mapovu papo hapo na kuelea. Kikizama kimya, subiri. Kaanga kwa mafungu matatu au manne, kila fungu dakika 6 hadi 8, ukigeuzageuza.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa haraka. Ukijaza karai, joto linashuka, biringanya linaanza kuchemka ndani ya mafuta badala ya kukaangika, na linayanywa. Kosa la pili ni kuepua mapema. Rangi ya dhahabu hupendeza macho ila haitoshi. Unataka kahawia iliyokolea, na kingo zilizoanza kuwa ngumu. Dalili bora ni mapovu. Yanapopungua na sauti ya karai kutulia, maji yamekwisha. Kipande kilichoepuliwa kabla ya hapo kitalegea kabisa kikikaa usiku mmoja kwenye siki.

Epulia kwenye chujio au waya, si kwenye sahani bapa. Vikirundikana kwenye karatasi, mvuke wa chini huvilainisha tena.

Kwenye mafuta hayohayo kaanga vitunguu kwa dakika 2 au 3, vianze tu kubadilika rangi nje huku ndani vikibaki na mkakamao. Kisha pilipili za kijani, nusu dakika. Zichane kwa urefu kabla ya kuzitumbukiza, la sivyo mvuke hujaa ndani zikapasuka na kukurushia mafuta ya moto usoni.

Sasa haradali, ambayo ndiyo roho ya moju na ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Mbegu nzima haina ukali wowote. Ukali huzaliwa pale inapovunjwa na kukutana na majimaji, kwa kazi ya kimeng'enya kilichomo ndani ya mbegu yenyewe. Siki hupunguza nguvu ya kimeng'enya hicho, na joto huufukuza ukali ukapotelea hewani. Ukielewa hayo, unaweza kuamua ladha yako. Kwa moju ya upole, loweka mbegu kwenye mililita 60 za siki kwa nusu saa, kisha saga pamoja na kitunguu saumu na tangawizi. Kwa moju inayopanda puani, saga mbegu kavu kwanza, zilowanishe kwa kijiko kimoja cha maji baridi, acha dakika 10, ndipo utie siki na viungo vingine. Kinu na mchi ni bora kuliko blenda, kwani mbegu zilizobaki chengachenga hupendeza mdomoni. Uji wa haradali ukiuonja saa hiyo utakuwa mchungu. Hilo si kosa, uchungu hupungua kadiri unavyokaa.

Siki inayotumika sana Sri Lanka ni ya mnazi, itokanayo na tembo (pombe ya mnazi) lililoachwa lichachuke. Ina ladha laini kuliko siki nyeupe ya dukani. Ukiwa na nyeupe tu, itumie, mradi iwe na asidi ya asilimia 4 au 5, na uongeze sukari kidogo. Ndimu haifai mahali pake: harufu yake huitawala haradali, na baada ya siku mbili ladha yake hufifia.

Weka sufuria ya chuma cha pua au chungu jikoni. Epuka aluminiamu, maana siki huila na chakula hupata ladha ya madini. Tia kijiko kimoja cha mafuta yaliyobaki, mdalasini na karapincha. Majani yakishapasukapasuka, mimina siki iliyosalia (mililita 40), sukari, pilipili ya unga na nusu kijiko cha chumvi. Chemsha kwa moto wa wastani dakika 2 au 3, mpaka sukari iyeyuke na mchuzi uanze kushika mwiko. Epua. Ndipo utie haradali. Ukiitia sufuria ikiwa bado inachemka, ule ukali ulioutafuta utaondoka na mvuke, ubaki uchungu peke yake.

Tia biringanya, vitunguu na pilipili, geuza kwa mwiko wa mti ukianzia chini kwenda juu, bila kuponda. Mchuzi unatakiwa upake vipande tu, usitengeneze dimbwi. Kama umeona dimbwi, usikimbilie kurudisha jikoni. Subiri, biringanya kavu litaunywa.

Usionje na kurekebisha papo hapo. Moju iliyotoka jikoni huwa na siki inayochoma, sukari iko peke yake, haradali inauma ulimi. Iache saa 6 angalau, ikiwezekana hadi kesho yake, kisha onja ikiwa ya joto la kawaida. Wakati huo ikionekana chachu mno, ongeza sukari robo kijiko kwa robo kijiko. Ikiwa tamu kupita kiasi, tone la siki na chumvi kidogo vitaiweka sawa. Ikiwa na mafuta mengi, iinamishe kwenye chujio nusu saa. Yatakayoganda vipandeni ni ya karai lisilopata moto wa kutosha, na hayo hayatoki.

Kuhusu kuhifadhi, tahadhari. Jina la achari lisikudanganye: mapishi haya hayana asidi ya kutosha ya kukaa kabatini kwa miezi. Biringanya na kitunguu saumu vyenyewe vina asidi ndogo, na vikifunikwa kwa mafuta nje ya jokofu huwa mahali pazuri kwa bakteria wa sumu ya botulizimu, ambayo haina harufu wala rangi ya kukushtua. Weka kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukaushwa, ndani ya jokofu, na uimalize ndani ya wiki mbili. Chota kwa kijiko kikavu kila mara.

Toa kwenye jokofu nusu saa kabla ya kula ili mafuta yalainike. Nyumbani Sri Lanka huandamana sana na kaha bath, wali wa njano uliopikwa kwa tui na manjano, ambao utamu wake unahitaji kitu cha kuukata. Kwenye lamprais, wali na vitoweo vya jamii ya Waburgher (Wasri Lanka wenye asili ya Ulaya) vinavyofungwa kwenye jani la mgomba na kuokwa, biringanya la namna hii nalo huwekwa. Ukitaka kuufunga wali hivyo, kung'uta mchuzi wa ziada kabla ya kuliweka, jani lisichirizike ndani ya oveni.