Nguruwe kwa nanasi kwenye kikaango kimoja: kila kitu na zamu yake

Ninapika jioni nikiwa nimechoka, na kuosha vyombo sikupendi hata kidogo. Ndiyo maana mlo ninaoutegemea ni huu: nyama ya nguruwe, viazi na nanasi, vyote ndani ya kikaango kimoja kikubwa, kwa muda wa saa moja hivi. Siri yake ni zamu. Kila kitu huingia kwa wakati wake, hupata moto wake, hutoka kumpisha mwenzake, na mwishoni vyote vinarudi pamoja. Anayerundika nyama mbichi, viazi na matunda kwa mkupuo mmoja atapata nyama ya kijivu iliyochemkia maji yake yenyewe, viazi vigumu katikati na nanasi lililolegea. Italika, lakini hakuna atakayeomba kuongezewa.

Kwa watu wanne natumia chopsi nne zenye mfupa, viazi mviringo nusu kilo, nusu ya nanasi la wastani, vitunguu maji viwili, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, punje tatu za kitunguu saumu, siki vijiko viwili vya chakula, siagi kijiko kimoja, mafuta ya kupikia, chumvi na pilipili manga. Nikiwa na mbegu za giligilani nazitwanga kijiko cha chai kimoja. Nisipokuwa nazo, simtumi mtu dukani kwa ajili yake.

Tuanze na nyama, maana hapo ndipo mlo huu unapoharibikia kabla hata jiko halijawashwa. Omba chopsi za mgongoni, zenye unene wa sentimita 2.5 hivi. Chopsi nyembamba zinakudanganya: nje zikipata rangi, ndani zimeshakauka. Bega ni tamu sana, lakini lina kolajeni nyingi, yaani protini ngumu ya kano, inayotaka moto mdogo kwa saa moja na nusu au zaidi ndipo ilainike, na leo hatuna muda huo. Nyama ya tumbo itakuogeleshea viazi kwenye mafuta. Angalia nyama yenyewe iwe na rangi ya waridi iliyokolea, mafuta yake meupe, isiyoteleza kwa utelezi wala kutoa harufu. Ukiona ndani ya nyama vifuko vidogo vyeupe vyenye majimaji, milimita 5 hadi 10 hivi, hayo ni mabuu ya tegu. Usijadiliane bei. Acha nyama hiyo na nenda kwingine.

Ukifika nyumbani, kausha chopsi kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kisha zinyunyizie chumvi pande zote. Kijiko cha chai kimoja na nusu kinatosha zote nne. Chumvi huvuta maji kutoka ndani kwanza, na baadaye maji hayo hurudi ndani yakiwa na chumvi. Shughuli hiyo inahitaji dakika 40 hivi. Ukitia chumvi kisha ukasubiri dakika kumi tu, utakuwa umeikuta nyama katikati ya kulowana, hali mbaya kuliko zote kwa kukaanga. Kwa hiyo ama itie mapema, au itie pale unapoiweka kwenye kikaango. Mimi huitia asubuhi na kuiacha kwenye friji bila kuifunika, juu ya sahani, kwenye rafu ya chini ili isidondokee vyakula vingine. Jioni naikuta imekauka juu, tayari kwa moto. Upande wenye ukanda wa mafuta nauchanja kwa kisu mara tatu au nne hadi kuigusa nyama. Usipochanja, ukanda ule hujikunja kwa joto na chopsi inainuka katikati, basi nusu yake haigusi chuma.

Sasa nanasi, na hapa nina ugomvi na watu wengi. Kuna wanaolowesha nyama kwenye juisi ya nanasi bichi usiku kucha ili ilainike. Inalainika kweli, tena kupita kiasi. Nanasi bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini, na hakijui mahali pa kuacha. Asubuhi unaikuta nyama juu imekuwa uji wakati katikati iko vilevile, na uji huo ukiuweka kwenye moto haushiki rangi. Papai bichi na kiwi vina tabia hiyo hiyo kwa vimeng'enya vyao. Kama lazima uloweshe, nusu saa inatosha. Joto likifika kwenye nyuzi 70 na kuendelea kimeng'enya hicho hufa, kwa hiyo nanasi lililopikwa halina madhara hayo, na la kopo vilevile, kwa sababu limeshapitia moto kiwandani. La kopo linafaa, ila lichuje vizuri na upunguze utamu kwa kuongeza siki.

Mimi siloweshi chochote. Namenya nanasi, natoa macho yote, naondoa moyo mgumu wa katikati, kisha nakata vipande vinene vya sentimita 2. Naviweka kwenye chujio vidondoshe juisi ndani ya bakuli, na juisi hiyo siimwagi, tutaihitaji. Chagua nanasi lililoiva lakini bado lenye ukali. Ukali ndio unaokata mafuta ya nguruwe mdomoni. Nanasi tamu tupu linaufanya mlo uonekane kama kitindamlo kilichopotea njia.

Huna nanasi? Matufaha ya kijani yenye uchachu ni mazuri vilevile. Yakate kila moja vipande vinane, acha maganda yake, maana ndiyo yanayoyashikilia yasisambaratike. Embe lifae lazima liwe gumu, ndiyo kwanza linaanza kuiva. Lililoiva sana litageuka mchuzi. Peasi na plamu zinahitaji nusu ya muda wa nanasi. Chungwa nalitumia kwa juisi tu. Tikitimaji liache lilipo.

Kikaango kiwe kizito, chenye upana wa sentimita 30 hivi, na kiwe na mfuniko. Chuma kinene hushika joto hata nyama baridi ikiingia. Kile chepesi hupoa papo hapo, na nyama inaanza kutoa maji. Kama chako ni cha chuma cha kusubu, kiwe kimekolea mafuta vizuri hadi kupata utando mweusi, kwa sababu siki na juisi ya nanasi kwenye chuma kilicho wazi huleta ladha ya msumari. Kama ni kidogo, kaanga nyama mbili mbili. Usizibane.

Zamu ya kwanza ni viazi, kwa kuwa ndivyo vinavyochelewa kuiva. Vikate slesi za sentimita moja, vipange visipandane, tia maji yafike nusu ya unene wake, chumvi kidogo, funika na chemsha kwa dakika nane hadi kumi. Kisu kikiingia bila kusukumwa, funua na uache maji yakauke yote. Utasikia sauti ikibadilika kutoka kutokota hadi kuchachatika. Hapo tia vijiko viwili vya mafuta na uviache vikaangike, dakika nne kila upande, bila kuvichokonoa. Vitoe uviweke kwenye sinia.

Zamu ya pili, nyama. Kausha tena uso wake, hata kama unaona umekauka. Rangi ya kahawia tunayoitafuta huanza kuja kwa kasi joto la uso wa nyama linapopita nyuzi 140, na mahali penye maji hapavuki 100 mpaka maji yaishe. Kila tone unaloliacha linakuibia muda, na katika muda huo ndani panakauka. Tia kijiko kimoja cha mafuta, ngoja yaanze kumeremeta, kisha zisimamishe chopsi kwa ubavu, ule ukanda wa mafuta ukiwa chini, ukizishika kwa koleo. Dakika mbili tatu. Ukanda unayeyuka, unapata rangi, na mafuta yanayotoka ndiyo yatakayokaanga kila kitu kinachofuata. Mume wangu huulilia ukanda huo kuliko nyama yenyewe, kwa hiyo kwetu hatua hii hairukwi. Baada ya hapo zilaze, dakika nne upande wa kwanza, tatu upande wa pili. Zikiwa zimeng'ang'ania chini usizing'oe. Zikishapata ukoko zitaachia zenyewe. Zitoe uziweke kwenye sahani yenye ukingo. Ndani bado hazijaiva, na ndivyo tunavyotaka kwa sasa. Usizionje.

Angalia kikaango chako: chini kuna ukoko wa kahawia na mafuta. Mafuta yakiwa mengi, punguza ubaki na vijiko viwili. Ukoko usiuguse kwa sifongo wala maji ya kuoshea, humo ndimo mchuzi ulimo. Ila ukiwa mweusi na unanuka kuungua, huo umekufa. Ufute na uendelee bila huzuni.

Moto wa wastani, ingiza vitunguu maji vilivyokatwa slesi nene pamoja na giligilani. Maji ya vitunguu yataanza kuulegeza ukoko, nawe saidia kwa mwiko. Vikianza kulainika na kupata rangi kingoni, baada ya dakika tano sita, tia tangawizi na saumu vilivyosagwa, koroga nusu dakika, kisha sogeza vyote pembeni. Katikati pakiwa wazi, panga vipande vya nanasi na uviache. Mkono utakuwasha kutaka kukoroga, ukaze. Nanasi lina sukari ya kutosha kushika rangi lenyewe kwa dakika tatu, ila ukilikoroga litatoa juisi tu na kuanza kuchemka. Geuza mara moja, dakika mbili zaidi.

Sasa mimina siki. Simama mbali kidogo, mvuke wake unakwangua koo. Fuatisha ile juisi uliyoihifadhi na maji, vyote pamoja vijae nusu kikombe, kwangua chini pote, na uache ichemke mpaka ipungue nusu. Onja hapa, kabla nyama haijarudi. Ikiwa tamu mno ongeza siki, ikiwa kali mno siagi itaituliza baadaye. Kuwa mwangalifu na chumvi, maana nyama inakuja na ya kwake.

Rudisha viazi ukivipanga kando, kisha chopsi juu ya vitunguu pamoja na majimaji yote yaliyotoka kwenye sahani. Punguza moto, funika, dakika tatu hadi tano. Mwongozo wa Marekani tangu 2011 unasema vipande vizima vya nguruwe vifike nyuzijoto 63 katikati, kisha vipumzike dakika 3 kabla ya kukatwa, na nyama ya kusaga ifike 71. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi wote. Kichomeke kwa ubavu hadi katikati, mbali na mfupa. Katika nyuzi 63 nyama ina uwaridi kidogo na majimaji mengi. Mimi huitoa hapo kama nyama imekaguliwa na muuzaji namwamini. Nikiwa na shaka na ilikotoka, naiacha ifike 71 au zaidi, na kama huna kipimajoto fanya hivyo pia: pika mpaka majimaji yatoke meupe na uwaridi uishe hata karibu na mfupa. Itakuwa kavu kidogo. Mchuzi upo kwa kazi hiyo.

Zima moto, tia siagi na pilipili manga, tikisa kikaango mpaka mchuzi ung'ae, acha dakika tatu. Kipeleke mezani kama kilivyo, juu ya ubao, na kila mtu ajipakulie. Mboga za majani zilizokatwa vizuri zenye ndimu zinatosha kando. Kwangu yupo mmoja anayetenga mananasi yote pembeni ya sahani, na mwingine anayemnyang'anya, kwa hiyo sijawahi kupunguza.

Yanayobaki yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili, katika chombo kingine na si kwenye kikaango, kwa sababu mchuzi huu mchachu ukilala kwenye chuma unakula ule weusi wake wa mafuta. Hukaa siku tatu hadi nne. Chopsi ya jana usiichemshe upya, itakuwa ngumu. Ikate nyuzi nyembamba, pasha vitunguu na nanasi pamoja na tone la maji mpaka vifoke mvuke, kisha ingiza nyama mwishoni kabisa, ikoroge mpaka nayo ipate moto kotekote, upakue.