Kilo, mili na mega: kuhesabu dawa ya birika bila kukosea sufuri

Maji ya birika, yaani tangi la kuhifadhia maji, yakiharibika baada ya kutiwa klorini, mara nyingi ubaya si wa dawa, ni wa sufuri. Futikamba yasoma sentimita, maji huhesabiwa kwa lita, kipimo cha dawa ni miligramu, na mizani yasoma gramu. Viambishi ndivyo vinavyounganisha hayo yote: kilo ni elfu moja, senti ni sehemu moja ya mia, mili ni sehemu moja ya elfu. Hekto, deka na desi zipo pia, lakini nje ya darasa ni nadra kuzikuta, ukitoa hekta ya shamba.

Anza na ujazo. Pima urefu, upana, kisha kina cha maji yenyewe, si cha birika. Tuseme umepata sentimita 200, 150 na 100. Ukizidisha ni sentimita za ujazo 3,000,000. Hapa wengi huteleza: mita ina sentimita 100, basi wagawanya kwa 100. Lakini mita ya ujazo ni 100 × 100 × 100, yaani sentimita za ujazo milioni moja. Kwenye mraba kiambishi huhesabiwa mara mbili, kwenye ujazo mara tatu. Afadhali ugeuze mapema: mita 2 × 1.5 × 1 ni mita za ujazo 3, na kila moja ni lita 1,000. Maji yako ni lita 3,000.

Kwa maji maangavu, kadiria miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Hizo ni miligramu 6,000. Gawanya kwa 1,000 upate gramu 6. Bado hujafika, kwa kuwa unga wa dukani si klorini tupu. Soma asilimia kwenye kopo. Ikiwa ni 65, basi 6 ÷ 0.65 ni gramu 9.2 za unga. Aliyegawanya kwa 100 badala ya 1,000 atapima gramu 92, na kila lita itabeba miligramu 20: maji hayo hayanyweki. Mizani ya kupimia samaki haioni gramu tisa. Tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama ya sonara.

Tia unga ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji, wala usimwagie maji juu ya unga. Koroga, uache utuame, mimina maji ya juu birikani, koroga tena, ngoja nusu saa. Na wale vijisamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu, watoe kwanza. Klorini haichagui.

Sasa herufi. Ndogo na kubwa si mapambo: m ni mili, M ni mega, yaani milioni moja, na baina yao kuna mara bilioni moja. Kilo ni k ndogo. Kwenye paketi za dawa za hospitali utaona mcg au µg, yaani maikrogramu, na 1,000 kati ya hizo ni miligramu moja. Mcg 500 ni nusu miligramu, si miligramu 500. Kuanzia kilo kwenda juu (mega, giga, tera) na kuanzia mili kwenda chini (maikro, nano, piko) kila hatua ni elfu, si kumi.

Betri nazo zina mtego wao. Pawabenki ya mAh (miliampea-saa) 20,000 huonekana kubwa kando ya betri ya sola ya Ah (ampea-saa) 100. Ondoa mili: ni Ah 20. Kisha zidisha kwa volti, maana kiambishi peke yake hakitoshi. Ndani ya pawabenki ni volti 3.7, kwa hiyo Wh (wati-saa) 74. Betri ile ya sola, ikiwa ya volti 12, ni Wh 1,200, kama mara kumi na sita.