Milima Mifupi Yenye Misitu: Andaa Mteremko Kwanza

Milima mifupi yenye misitu humdanganya mwendesha baiskeli kwa ufupi wake. Feldberg, mrefu kuliko yote katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, una mita 1,493. Grand Ballon, kilele cha juu kabisa cha Vosges huko Ufaransa, una mita 1,424. Mtu aliyezoea kusikia habari za Alpi huona namba hizo akajiambia ni kazi ya nusu siku. Tatizo ni kwamba barabara za huko hazipandi mara moja zikamaliza. Zinapanda, zinatumbukia bondeni, zinavuka mto, zinapanda tena upande wa pili, na kila bonde linakunyang'anya ulichokwisha kukipata. Kwa hiyo ukishapanga njia yako, usianze kuangalia kilomita wala urefu wa kilele. Angalia jumla ya mita za kupanda. Kilomita 100 zenye mita 2,000 za kupanda ni siku nzima kwa mwendeshaji wa kawaida, hata kama hakuna mpando mmoja wenye urefu wa barabara unaozidi kilomita kumi.

Na kila mita uliyopanda utaishuka. Hapo ndipo maandalizi ya wengi yanapopwaya. Wanajifua miguu miezi mitatu kwa ajili ya kupanda, halafu wanashuka kwa breki zilezile za kwenda kazini. Mwaka 1905, mbio za baiskeli za Tour de France zilipopita Ballon d'Alsace, mmoja wa vilele vya Vosges, aliyetangulia juu alikuwa René Pottier. Lakini aliyeshinda hatua ya siku hiyo alikuwa Hippolyte Aucouturier. Kileleni hapakuwa mwisho wa safari wakati ule, na hata leo hapajawa.

Basi tuanze na breki. Chukua mwendeshaji ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 85, anashuka mita 500 za wima. Nguvu anayopaswa kuimaliza njiani ingetosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Ukishuka kwa kasi, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo. Ukishuka polepole huku umeng'ang'ania breki mfululizo, karibu yote inaishia kwenye diski (bamba la chuma ambalo breki hulibana katikati ya gurudumu) au kwenye rimu, yaani duara la nje la gurudumu linaloshika tairi. Ndiyo maana mwoga huunguza breki kuliko jasiri, jambo ambalo wageni wa milima hawaliamini mpaka wasikie harufu. Kinachofaa ni kushika breki kwa nguvu kabla ya kona, kuachia, kuacha zipoe, kisha kushika tena. Wenye rimu za kaboni na breki za kubana rimu wawe waangalifu zaidi, kwa sababu joto likizidi rimu huweza kuharibika na tyubu kupasuka.

Kabla ya safari, toa gurudumu uangalie padi, vile vipande vya breki vinavyobana diski, kwa macho yako. Usikisie kwa kubonyeza mkono wa breki, maana breki za mafuta hujirekebisha zenyewe padi zinavyolika, na mkono utakuambia mambo ni shwari hadi siku ya mwisho. Mimi niliwahi kuondoka na padi zilizobaki unene wa kadi ya benki, nikijua zingevuka wikiendi. Mvua ikanyesha, mchanga laini wa barabarani ukaingia kwenye diski, na mteremko wa pili ukaanza kutoa sauti ya chuma kwa chuma. Nilimaliza kilomita nne kwa miguu, nikitembea kama bata kwa viatu vya pedali, baiskeli mkononi. Padi za akiba zina uzito wa biskuti mbili. Na ukifunga mpya, usizipeleke mlimani zikiwa mbichi. Zizoeze kwanza mahali tambarare kwa kupunguza mwendo mara ishirini hivi, ili zishikane vizuri na diski.

Jambo la pili ni baridi, na hapa pia mteremko ndio mwenye kesi. Hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kilele kilicho mita 700 juu ya bonde huwa na baridi zaidi kwa nyuzi nne au tano tu. Hizo si kitu ukiwa unapanda. Lakini unafika juu fulana imelowa jasho, unageuza usukani, na ghafla unapigwa na upepo wa kilomita 50 kwa saa chini ya kivuli cha miti, miguu haifanyi kazi yoyote. Koti jepesi la kuzuia upepo, linalokunjika likaingia mfuko wa mgongoni, ni la lazima hata asubuhi ya jua kali. Livae kileleni kabla hujaanza kutetemeka. Glavu za vidole vizima nazo ziwepo. Vidole vikifa ganzi, breki nzuri haikusaidii, kwa sababu huwezi kuivuta.

Msitu wenyewe una hila zake. Barabara ya wazi hukauka muda mfupi baada ya mvua, ilhali ile iliyofunikwa na miti hubaki na maji kwa saa kadhaa. Pembezoni hujaa majani yaliyooza na sindano za misonobari, na kwenye upande usiopata jua huota utando wa kijani unaoteleza kama sabuni. Mwanzoni mwa masika na mwishoni mwa vuli, kona ya kivulini inaweza kuwa na barafu wakati mita mia nyuma ulikuwa unaota jua. Malori ya magogo huacha matope na magome pale yanapotokea msituni, mara nyingi mahali usipoweza kupaona mapema. Tairi zenye upana wa milimita 28 hadi 32, zilizojazwa upepo kwa wastani badala ya kukazwa kama jiwe, zitakusamehe makosa mengi hapa.

Macho nayo yaandae. Ukitoka juani na kuingia chini ya miti, miwani ya giza inakufanya kipofu kwa sekunde chache, na kwa kilomita 50 kwa saa kila sekunde ni karibu mita 14. Chagua lenzi angavu au za rangi hafifu. Dereva anayekufuata ana shida ileile, kwa hiyo taa nyekundu ya nyuma iwake hata adhuhuri. Asubuhi mapema na jioni, paa na nguruwe mwitu huvuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Akivuka mmoja, tarajia wa pili.

Kuhusu kupanda sina mengi, ila hesabu moja ya gia. Ukiwa na gia ya meno 34 mbele na ya meno 28 nyuma, kuzungusha pedali mara 60 kwa dakika kunakupa karibu kilomita 9 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, kwa yule yule wa kilo 85, hiyo ni zaidi ya wati 200 za kuinua uzito tu. Weka frii (seti ya gia za nyuma) ambayo gia yake kubwa ina meno 34, na mizunguko ileile itakupa kilomita 7.5 kwa saa na wati kama 175. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama mlima wa nne utaupanda au utausukuma. Anayekucheka kwa gia nyepesi mwache atangulie.

Ramani ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka. Mabonde membamba hukata mtandao, na programu nyingi za kupanga njia huchanganya barabara ya lami na njia ya changarawe ya wakata miti. Kagua kila kipande kwa picha za setilaiti. Pia ulizia kama kuna barabara iliyofungwa, kwa kuwa misitu hufungwa kwa ukataji wa magogo, kwa uwindaji wa vuli au kwa hatari ya moto wakati wa kiangazi. Chora njia inayopita karibu na bonde lenye stesheni ya treni angalau mara moja, ili mvua au goti likikushinda uwe na pa kutokea.

Maji yapo mabondeni, kule juu mara nyingi hakuna. Jaza chupa zote mbili kabla ya kila mlima mrefu, na usinywe kijito hata kikiwa cheupe kama kioo. Tyubu mbili, pampu, kiungo cha akiba cha mnyororo, na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba mpasuko, hivyo unavijua tayari.

Usichokijua pengine ni kupe. Ukijilaza nyasini kupumzika, au ukiingia kichakani kujisaidia, jikague jioni nyuma ya magoti, kinenani na makwapani. Baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Kibanio chenye ncha nyembamba kiwe kwenye begi. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha wala kumpaka mafuta, kisha andika tarehe. Doa jekundu likianza kutanuka siku au wiki kadhaa baadaye, daktari ataiuliza tarehe hiyo.