Maharage yakiunguzwa na mvua ya Nyiragongo: usiyang'oe kwanza

Shamba langu liko magharibi ya Nyiragongo, volkano ya mashariki ya Kongo, na kwetu upepo mara nyingi unatoka mashariki. Kwa hiyo moshi wa kileleni unapita juu yetu. Umebeba gesi ya salfa kwa wingi, pamoja na klorini na florini. Ukikutana na mawingu au ukungu, gesi hizo zinageuka tindikali, kisha zinashuka na mvua. Mvua safi nayo ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) karibu 5.6. Namba ikishuka kwa moja tu, ukali umezidi mara 10, na ikishuka kwa mbili, mara 100.

Msimu wa kwanza yaliponiungulia maharage niliyang'oa yote, nikidhani ni ugonjwa. Jirani yangu aliyaacha ya kwake, akavuna. Kwa sababu hiyo naanza na namna ya kutambua.

Shika jani, ulielekeze kwenye mwanga. Jani lililounguzwa na mvua lina madoa makavu, meupe au ya kahawia, katikati ya mishipa na pembeni ambako tone la maji linakaa muda mrefu. Ukilisugua doa, linavunjika kama ganda la kitunguu. Kutu ya maharage haiko hivyo: inaacha unga mwekundu kwenye kidole, inaanza kwa miche michache, halafu inasambaa siku kwa siku. Mvua ya tindikali inapiga usiku mmoja, na haichagui: maharage, lengalenga, majani ya maboga, hata magugu. Kisha angalia chini ya migomba. Kama miche iliyofunikwa na majani ya mgomba imebaki mizima wakati ya wazi imeungua, umeshapata jibu.

Manyunyu ndiyo yanayonitisha kuliko mvua kubwa, hasa yakija baada ya siku nyingi za jua. Maji yake ni machache na tindikali imejaa. Mvua kubwa inaosha jani.

Ukitaka kuhakikisha, chemsha majani ya kabichi nyekundu katika maji safi mpaka maji yawe ya zambarau. Kinga mvua kwenye kikombe cha plastiki mahali pa wazi, si chini ya bati, kisha tia matone machache ya yale maji. Yakigeuka ya waridi, mvua hiyo ni kali.

Asubuhi baada ya manyunyu, suuza miche michanga kwa maji ya bomba au ya ziwa kabla jua halijapanda. Kwetu maji ni ya kutafuta, kwa hiyo nasuuza kitalu peke yake. Kama ni majivu ya volkano yameanguka makavu, yakung'ute kwa tawi kabla umande haujayalowesha. Halafu subiri siku 7 hadi 10 ukitazama kichomozi cha juu. Kikiwa kijani, mche utatoa majani mapya. Jani lenye sehemu ya kijani usilikate, bado linalisha mmea.

Udongo wetu wa lava una madini mengi, kwa hiyo unavumilia kuliko jani. Lakini mvua hizi zikirudi miaka na miaka zinaosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. pH ya udongo ikishuka chini ya 5, aluminiamu iliyokuwa imejifunga inaachiliwa, na mizizi inakuwa mifupi na minene. Ng'oa mche mmoja wa maharage uone: vinundu vya mizizini vikiwa vichache sana, huenda bakteria wanaolisha mmea naitrojeni wameshindwa na uchachu.

Dawa yangu ni majivu ya jikoni, ya kuni tupu, yasiyo na plastiki. Koko, mzee wa familia yetu, aliyatumia kabla yangu bila kujua habari za pH. Nayachekecha, natawanya kilo moja kwa mita 10 za mraba, mara moja kwa mwaka, wiki mbili kabla ya kupanda, kisha nayachanganya na udongo kwa jembe. Usiyatie siku moja na samadi, yanafukuza naitrojeni yake. Na usiyapeleke kwenye viazi mviringo: ugonjwa wa ukurutu wa viazi unapenda udongo usio na uchachu.

Mbegu siku hizi nazipanda kwa awamu mbili, nusu leo, nusu baada ya wiki mbili, ili manyunyu ya usiku mmoja yasinikute na miche yote michanga.

Mbuzi nao uwafikirie. Nyasi zenye majivu ya volkano zina florini; zioshe au uwape za mahali pengine. Na maji ya mvua ya siku za moshi mwingi msiwape watoto kunywa, hata yakichemshwa. Kuchemsha hakutoi florini, na ndiyo inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno yao.